Filta Saba za Arbabu

Kwenye majlisi ya Arbabu, ukumbi wake wa wageni kule Muaither, kulikuwa na rafu ya kioo yenye vitu viwili vya thamani: madele ya shaba ya kumiminia kahawa, ya marehemu mama yake, na filta saba chafu za oili. Madele yalifutwa vumbi kila wiki. Filta hazikuguswa na mtu, maana zilikuwa ushahidi.

Arbabu ndivyo wafanyakazi wa Doha wanavyomwita mwenye kazi, awe mkarimu au awe vinginevyo. Huyu wetu jina lake hasa ni Bu Jasim, mzee wa miaka sabini, mrefu na mwembamba kama nguzo za mahema anayoyakodisha kwenye harusi na misiba. Baba yangu, Philipo, ndiye mtunza stoo wake. Siku moja mwaka 2010 Arbabu alisikia kwa binamu yake kwamba madereva hupewa filta mpya, wakaiuza, wakaliacha gari na ile kuukuu. Hakulala vizuri wiki nzima. Alipoamka, alikuwa amevumbua mfumo.

Mfumo ulikuwa hivi. Kila filta mpya ya pikapu, kabla haijatoka stoo, Arbabu anaisaini kwa makapeni nyeusi: jina lake na tarehe. Baada ya miezi minne, dereva anapopewa nyingine, lazima arudishe ileile iliyosainiwa, sasa ikiwa imechakaa. Hakuna saini, hakuna dereva. Wageni walielezwa mfumo huu kila walipokaribishwa kahawa, nao walitikisa vichwa kwa mshangao. Filta zote saba zilikuwa na saini nyeusi tii, kama zimeandikwa jana.

"Kalamu ya Japani hii," Arbabu aliwaambia. "Haifutiki kwa moto wala kwa mafuta."

Hakuna mgeni aliyeuliza wino gani unakaa miezi minne ubavuni mwa injini ya dizeli inayoweza kuchemsha yai, usipauke hata herufi moja. Wageni walikuja kula.

Mtu aliyezileta filta zote saba ni Mzee Suleimani.

Mzee Suleimani ni wa Pangani. Wakati huo alikuwa na miaka hamsini na mitatu, na kumi na minne kati ya hiyo alikuwa ameimalizia Doha. Chumba chake kilikuwa mtaa wa Najma, kwenye jengo letu, ghorofa moja chini yetu, na tulijua ameamka kwa sababu harufu ya udi ilipanda ngazi kabla yake. Ndevu alizitia hina. Ndani ya pikapu alining'iniza kioo kidogo kwa kamba, na usidhani kilikuwa cha kutazamia magari yaliyo nyuma. Kilikuwa cha ndevu. Alipopiga simu nyumbani alikuwa msimamizi wa usafiri. Usafiri wenyewe ulikuwa pikapu moja.

Na alikuwa fundi, kwa maelezo yake. Alianzia karakana ya shamba la mkonge. "Nimefungua trekta nikiwa na miaka kumi na sita," alikuwa akituambia, "nikaifunga, ikabaki nati moja, na ikawaka." Hadithi zake zote za trekta ziliishia kwa Mzungu mmoja kuja kumshika mkono. Nilipozisikia mara ya kwanza, nikiwa mdogo, Mzungu yule alikuwa mnyapara. Nilipoingia darasa la tisa alikuwa amepanda cheo hadi balozi.

Sasa kuhusu filta yenyewe. Niliomba nioneshwe, kwa sababu nilikuwa siamini kwamba watu wazima wanaweza kuogopa kopo. Nikaoneshwa. Filta ya pikapu ile imewekwa juu, katikati ya injini na upinde wa tairi la kulia, nyuma ya pazia la mpira, juu ya chuma kipana ambacho kazi yake pekee ni kukuzuia usifike. Ukiingia kwa chini, mkono unafika ila macho hayaoni. Ukiingia kwa pembeni, macho yanaona ila mkono haufiki mpaka ung'oe tairi. Mtu aliyelichora gari lile bila shaka alisoma sana. Sidhani kama aliwahi kuwa na kiwiko.

Mara ya kwanza kabisa, Mzee Suleimani alijaribu. Hilo lazima nikiri. Alikaa huko chini saa nne, akaunguza mkono, akatoka bila ngozi ya vidole viwili, na filta ya kiwandani ikabaki palepale, haijasogea hata kidogo. Mkononi alikuwa na filta mpya iliyosainiwa na Arbabu, na pembeni beseni la oili chafu. Akaitazama hii, akalitazama lile. Filta akaenda nayo nyumbani, akaiweka chini ya kitanda. Miezi minne ilipotimia, akamwaga oili kama kawaida, akaichovya ile filta ya chini ya kitanda ndani ya beseni kama anachovya andazi kwenye chai, akampelekea Arbabu. Arbabu akainusa. "Mashallah," akasema, akaiweka kwenye rafu.

Hivyo mara saba. Oili alikuwa akibadilisha kweli, tena kwa uangalifu mkubwa. Ni yeye na ile filta tu walioamua kuheshimiana. Siri hii alimwambia Baba peke yake, na Baba akamwambia Mama peke yake, na kuta za Najma ni nyembamba.

Halafu ikaja Oktoba 2012, na binti yake wa pekee, Mariamu, akapata mchumba.

Wakati ule huwezi kutoka Qatar bila karatasi ya khuruji, yaani ruhusa ya kutoka nchini, iliyosainiwa na tajiri wako. Tiketi unayo, pasipoti unayo, sanduku umefunga. Bila saini utarudi Najma na sanduku lako. Harusi ilikuwa Jumatano. Ndege Jumamosi kabla yake. Basi Jumanne iliyotangulia Mzee Suleimani akaenda na karatasi yake majlisi, akakaa chini ya rafu ya filta saba, akaomba.

"Mabruki," Arbabu alisema. "Gari limefanyiwa sevisi?"

"Bado, Arbabu."

"Ijumaa asubuhi basi. Ukimaliza, nasaini. Nikitoka msikitini naenda shamba, kaskazini, na sirudi mpaka Jumatatu." Akanywa kahawa yake. "Na safari hii nitakaa nitazame. Yule Mwangi wa kufunga mahema ndiye atakayeliendesha ukiwa haupo. Nataka nimkabidhi gari nililoliona kwa macho yangu."

Jioni ile Mzee Suleimani alipanda kwetu bila harufu ya udi. Mama alimmiminia chai, hakuigusa.

"Mwambie ukweli," Baba alisema.

"Nitamwambia, Bwana Philipo. Nitamwambia Jumatatu, nikiwa Pangani, kwa simu."

"Basi itoe kweli."

"Ile haitoki."

"Umejaribu lini?"

"Elfu mbili na kumi."

Mama akaweka birika chini. "Shemeji, mtoto umemwacha ana miaka saba. Unarudi kila miaka miwili kama mgeni rasmi. Siku ya kuozwa napo asimuone baba yake? Aozwe na nani, mjomba?"

"Mjomba tayari amenunua kanzu," Mzee Suleimani alisema kwa uchungu, kama vile mjomba amenunua bunduki.

Lakini alipofika mlangoni akasimama, na nikaona sura yake ya kila siku ikirudi. "Unajua nini, Bwana Philipo? Arbabu atakaa kwenye kiti. Mimi nitakuwa chini ya gari. Kule juu hakuna mtu anayeona kitu. Hata mimi sioni." Akashuka ngazi akiimba. Kopo lile lililomtesa sasa lilikuwa limejificha kwa faida yake.

Ijumaa Baba alikwenda kufungua stoo, nami nikamfuata. Niliaga kwamba naenda kunywa chai ya karaki. Oktoba ile jua lilikuwa limetuhurumia, digrii thelathini na saba tu. Getini alikuwa Onyango, mlinzi, mtu wa Siaya, mwenye mikono kama mapaja na baiskeli moja ambayo aliipenda kuliko ndugu zake wengine.

"Karibuni kwa show," alituambia. "Mimi nimeshaweka kiti."

Arbabu alifika saa mbili kamili. Alishuka na kiti chake cha kukunja, chupa ya kahawa, na kanzu ya Ijumaa nyeupe mpaka inaumiza macho. Kwenye mfuko wa kifua ilichungulia karatasi ya khuruji. Ilichungulia asubuhi nzima, na Mzee Suleimani aliitazama namna paka anavyotazama bucha. Baba akaleta filta mpya, ya tisa kwenye mfumo. Arbabu akaisaini mbele yetu wote, polepole, na mkato wa madoido mwishoni.

Ile ya nane, aliyoisaini Juni, ilikuwa ndani ya ovaroli ya Mzee Suleimani, upande wa kushoto wa tumbo.

Akaingia chini ya gari. Oili ikamwagika kwenye beseni. Baada ya hapo yakaja maigizo. Chuma kiligongwa na chuma. Mtu akaguna. "Ya Rabi!" Kimya. Mguno mwingine, wa chini zaidi, wa mtu anayeng'oa mti.

"Sule!" Onyango akaita kutoka getini. "Ongeza sauti kidogo, huku nyuma hatuskii!"

"Nyamaza wewe, niko kazini!"

Dakika thelathini, hazikuzidi. Akatoka kifudifudi, uso umepakwa oili kwa ustadi, mkononi filta ya nane inadondosha matone. Arbabu akaipokea kwa gazeti, akaigeuza, akasoma kwa sauti: "Bu Jasim. Tarehe tano Juni." Akainusa. "Mashallah, Suleimani. Tangu tuanze, hujawahi kunipotezea hata moja."

"Uaminifu tu, Arbabu."

Baba alitazama juu, kama anayehesabu ndege.

Mzee Suleimani akarudi chini na filta ya tisa, na baada ya muda wa adabu akatoka bila filta. Tumbo lake lilikuwa limepata kona.

"Omera," Onyango akasema, "mbona umenenepa huko chini? Kuna hoteli?"

Oili mpya ikamiminwa. Injini ikawashwa, ikanguruma vizuri kabisa, maana haikuwa imeguswa. Arbabu akasimama. Akachomoa karatasi kutoka mfukoni, akaikunjua juu ya boneti, akafungua kalamu. Ncha ya kalamu ilikuwa imeshaikaribia karatasi. Hapo Arbabu akakumbuka kitu.

"Ngoja kwanza nione kama inavuja."

"Arbabu, kanzu!" Mzee Suleimani aliruka. "Kanzu ya Ijumaa!"

Lakini Arbabu alishaikusanya kanzu magotini, ameinama kwenye upinde wa tairi, ameinua pazia la mpira kwa vidole viwili na kumulika kwa simu. Alikaa hivyo muda mrefu.

"Suleimani. Jina langu liko wapi?"

"Liko upande wa pili, Arbabu. Nilipoikaza, jina likageukia injini."

Nilitaka kupiga makofi. Jibu lile lilikuwa halina kasoro. Lingepita hata mahakamani.

"Lete kioo," Arbabu akasema.

Kioo kilikuwa kimoja tu uwanjani, nacho ni kile cha ndevu. Mzee Suleimani alikifungua kamba mwenyewe. Arbabu akakiingiza, akakigeuza huku, akakigeuza kule. Akaingiza kidole, akakwangua, akakitoa kidole na kukitazama juani.

"Philipo, mvua ilinyesha lini mara ya mwisho?"

Baba ni mtu wa kanisani. "Februari, Arbabu," alisema.

"Februari. Filta niliyoisaini leo saa mbili asubuhi ina tope la mvua ya Februari."

Mzee Suleimani alifungua mdomo. Nadhani angepata la kusema, kwa kipaji alichonacho, ila alipoinua mikono kuanza kujieleza, filta ya tisa ikateleza ndani ya ovaroli, ikapita kwenye mguu wa suruali, ikatoka chini, ikabingirika kwenye mchanga mpaka kwenye kandambili za Arbabu. Ikasimama saini ikiwa juu.

Onyango akageukia barabarani, kulinda geti.

Arbabu alirudi kwenye kiti chake. "Ngapi?" akauliza.

"Zote, Arbabu."

"Zote saba?"

"Nane. Pamoja na hiyo kwenye gazeti."

Nilitegemea makelele. Hayakuja. Arbabu aliitazama ile makapeni mkononi mwake, na nikaelewa kilichomuuma. Injini kwake haikuwa kitu. Aliwaza wageni wote wale, na kahawa yote ile.

"Na kalamu?" akauliza kwa sauti ndogo.

"Kalamu ni nzuri, Arbabu," Mzee Suleimani alisema, kwa nia njema kabisa. "Haijawahi kupata shida yoyote."

Arbabu akaikunja karatasi ya khuruji mara mbili, akairudisha mfukoni. "Itoe. Hiyo ya kweli. Adhana ya Ijumaa ikilia na bado imo, mimi naondoka na karatasi yangu."

Ilikuwa saa tatu na dakika arobaini. Adhana ingelia saa tano na robo.

Sasa hakukuwa na maigizo. Nati za tairi zililia kama milango ya jela, maana hazikuwa zimefunguliwa tangu mtu wa kiwandani alipozikaza. Tairi likang'oka. Mzee Suleimani akaingiza mkono hadi bega, shavu limebanwa kwenye chuma chenye joto la injini iliyotoka kuwashwa, akazungusha mkanda wa kufungulia filta. Mkanda ukateleza. Akafuta, akavuta, ukateleza tena. Mara ya sita mkanda ukakatika, naye akajipiga ngumi ya kidevu.

Halafu akafanya lile jambo. Nafikiri kila fundi wa dunia hii hufikia dakika ambapo akili inamwambia chukua bisibisi, uipigilie ndani ya filta, uizungushe kama mpini. Dakika hiyo ndiyo ya kwenda kunywa chai. Hakwenda kunywa chai. Alipigilia bisibisi kwa nyundo, ikaingia upande mmoja na kutokea mwingine, akavuta kwa nguvu zote, na bati likachanika kama kopo la maziwa. Filta haikuzunguka. Oili mpya yote iliyokuwa huko juu ilishuka kwenye mkono wake, ikapita kwapani, ikaingia mahali ambapo Mama angenikataza kupataja.

Mpaka hapo gari lilikuwa zima likiwa na filta ya zamani. Sasa halikuwa na filta ya zamani wala mpya, lilikuwa na bati lililochanika. Saa nne na nusu.

Alilala pale chini. Mguu wake mmoja tu ulionekana, na kiatu. Kisha nikamsikia akiongea taratibu, si na sisi.

"Mariamu, mwanangu. Baba yako kashikwa na kopo."

Onyango aliacha geti. Hakutania. Alichuchumaa karibu na kile kiatu. "Mzee. Mzee, niskize. Hiyo kitu juu imeraruka, lakini kule kwa mdomo wake, penye imeshikana na injini, bado ni ngumu?"

"Mdomo mzima. Hakuna pa kushika."

"Chain ya baiskeli inaweza shika."

Alikwenda kwenye baiskeli yake aipendayo, akaitoa mnyororo, akarudi nao mikononi kama mtu aliyebeba mtoto. Wakauviringisha kwenye mdomo wa filta, ncha zikafungwa kwenye spana. Mnyororo ukang'ata. Hautelezi! Ila sasa mtu mmoja alitakiwa kuushikilia kutoka upande wa tairi, na mwingine avute spana kutoka chini. Onyango akajaribu upande wa tairi. Mkono wake ukaishia kwenye kiwiko. Baba akajaribu, mgongo ukamkatalia kabla mkono haujafika. Mimi nilisogea, Baba akanitazama kwa jicho ambalo halihitaji maelezo, nikarudi kwenye chai yangu.

Tulisikia kiti kikikunjwa.

"Nilifanya kazi karakana ya mafuta, Dukhan," Arbabu alisema, akikunja mkono wa kanzu. "Miaka sita. Kijana."

Hadithi hiyo ya Dukhan aliisimulia kila Ramadhani, na hakuna aliyewahi kuiamini. Tuliiweka kundi moja na Mzungu wa trekta. Lakini mkono wake mrefu mwembamba ulipita kwenye lile tundu kama umepimwa hapo. Vidole vilikwenda moja kwa moja penye mnyororo bila kutafuta. Kumbe kati ya wazee wawili wa hadithi za karakana, mmoja alikuwa anasema kweli.

"Nani aliiweka huku?" sauti yake ilitoka kwenye upinde wa tairi. "Wallahi, nani? Mtu huyu hana mama?"

"Ndiyo nimekuwa nikisema, Arbabu," sauti ya chini ikajibu.

"Hukusema! Miaka mitatu hukusema neno! Vuta!"

"Navuta!"

"Unavuta kama bibi harusi! Vuta!"

Hapo ndipo adhana ilipolia kutoka msikiti wa jirani.

Kila mtu aliganda. Kiatu cha Mzee Suleimani kililegea, kikalala upande. Baba akavua kofia, sijui kwa nini. Arbabu hakutoa mkono. Alisikiliza adhana mpaka mwisho, shavu kwenye chuma, midomo ikiitikia. Ilipoisha, akakaza vidole kwenye mnyororo.

"Bado kuna hotuba," Arbabu akasema. "Zungusha."

Ikalia mlio kama wa jino linalong'olewa. Kisha mwingine. Kisha ikaachia, yote kwa pamoja, na oili yote iliyobaki ikatoka kwa njia ya upande wa tairi. Arbabu alipotoa mkono wake, kanzu ya Ijumaa ilikuwa nyeusi kuanzia bega hadi kiunoni. Mkononi ameshika kipande cha bati kilichochanika, kimevimba, kina tope la Februari na saini ya mtu yeyote hakina. Alikitazama kwa mapenzi ambayo sikuwahi kumuona nayo kwa zile saba.

Filta ya tisa aliifunga mwenyewe, kwa mkono wake, akaikagua mara tatu.

Karatasi ya khuruji ilipotolewa mfukoni ilikuwa imekunywa oili pembe mbili. Kalamu ya wino wa kawaida ilikataa kuandika juu ya mafuta. Arbabu akachukua makapeni, akasaini, na mkato wa madoido mwishoni. Kidole gumba kikajichapa chini ya saini bila kuombwa.

"Utarudi tarehe ishirini," alisema.

"Inshallah, Arbabu. Mungu akuzidishie, Arbabu."

"Zile nane ni mpya. Zimechafuka tu. Utaziosha kwa dizeli, kisha utafunga moja kila Ijumaa ya kwanza ya mwezi, mpaka ziishe. Mimi nitakaa hapa na kiti changu."

"Arbabu, gari halihitaji filta kila mwezi."

"Gari halihitaji," Arbabu alikubali.

Msikitini Arbabu alikwenda amevaa kanzu safi ya Mzee Suleimani, iliyokuwa imetundikwa ndani ya pikapu, ikamfikia katikati ya miundi, ikinuka udi. Mzee Suleimani alisali safu ya mwisho kabisa, na watu walimwachia nafasi kubwa.

Jumamosi, uwanja wa ndege, afisa wa uhamiaji aliishika ile karatasi kwa ncha za vidole, akainusa, akamtazama Mzee Suleimani kuanzia juu hadi chini, kisha akagonga muhuri. Baba aliyemsindikiza anasema Mzee Suleimani alipita pale bila kugeuka nyuma, asije akaitwa.

Picha za harusi zilitufikia kwa simu. Mariamu amependeza, hina mpaka viwikoni. Baba yake amekaa kando yake, kiwiko kimefungwa bandeji, amemshika mkono, na kucha zake zote kumi ni nyeusi. Mjomba yuko safu ya nyuma na kanzu yake mpya, hana furaha.

Rafu ya majlisi sasa ina madele na bati moja lililochanika. Wageni wakiuliza, Arbabu anasema ni la Dukhan.

Ijumaa ya kwanza ya Novemba kiti kilitoka, na chupa ya kahawa, na Onyango akaleta mnyororo bila kuombwa. Mzee Suleimani aling'oa tairi kwa dakika nane. Alipokuwa akifuta mikono, Baba alimuuliza watu wa Pangani walisemaje kuhusu zile kucha.

"Niliwaambia kweli tupu," alisema. "Niliwaambia tajiri wangu, Mwarabu wa miaka sabini, alikunja kanzu yake ya Ijumaa, adhana imeshalia, tukang'oa filta mimi na yeye, mkono kwa mkono." Akatema mate pembeni. "Wakaniuliza, na yule balozi alikuwa amesimama wapi?"